Chembe Isiyo na Cheo

Siku Mfaume alipofariki, sufuria ya dagaa ilikuwa bado jikoni, imefunikwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Alikuwa ametoka kunawa, akamwambia mkewe Somoe, "Hao dagaa usiwatoe vichwa, vichwa ndiyo utamu wenyewe," akakaa kitini afunge kamba za viatu, na hakuinuka tena. Watu walikuja, wakalia, wakazika, wakala ubwabwa, wakaondoka. Sufuria ilibaki. Somoe alipoifunua alikuta fungu la watu wawili, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe hakujua afanye nini na fungu la pili.

Hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Wako wajane wanaohama kwa sababu ya kitanda, na wako wanaohama kwa maneno ya mawifi. Somoe alihama kwa sababu ya sahani. Kila alipopika alipikia wawili, maana mkono ulishazoea, na kila alipopakua alibaki amesimama katikati ya jiko na sahani ya bati yenye maua mekundu ukingoni, sahani ya Mfaume, akitafuta pa kuiweka. Siku moja aliifunga ndani ya kanga, akafunga na mlango, akaenda zake. Njia yenyewe haina la kusimulia. Alitembea, akachoka, akafika Tunukuni.

Tunukuni ni nchi iliyolizunguka ziwa moja kama watoto wanavyolizunguka sinia. Ni nchi ya vicheko. Mtu akianguka, anacheka yeye kwanza ndipo wengine wapate ruhusa. Lakini kitu cha kwanza anachokiona mgeni ni milango. Kila mlango wa Tunukuni umepakwa ng'ara, maji mazito yenye rangi ya fedha, ukasuguliwa kwa tambara mpaka mgeni anajiona uso mzima kabla hajabisha hodi. Wenyeji wanasema hiyo ni adabu: mtu aonane na nafsi yake kwanza, ndipo aonane na wenye nyumba. Somoe alijiona kwenye mlango wa kwanza, akaona amekonda, akabisha.

Mwenye nyumba aliitwa Bi Kijoli, mwanamke mnene, mwepesi wa miguu.

"Karibu, mgeni, karibu! Kaa hapo mkekani. Leo tuna sangara, ila wewe utakula dagaa. Usituone wabaya, dada yangu. Bado hatujakupenda."

"Mtanipenda lini?" Somoe aliuliza.

"Ah, hayo hayana haraka. Mwaka wa pili, wa tatu. Mkwe wangu huyu hapa nilimpenda mwaka wa sita, na alikuwa ameshanijengea choo."

Hapo ndipo Somoe alipoijua Sheria ya Kinywa, ambayo ni sheria kuu ya nchi ile. Hakuna ruhusa mtu kutia samaki mdomoni kabla hajauliza kwa sauti, "Yupo ninayempenda zaidi?" Akiwapo, anampa. Naye anauliza, anampa mwingine. Jioni ile kipande cha sangara kilitoka kwa mkwe, kikaenda kwa Bi Kijoli, kikaenda kwa kaka yake Mzee Shangwe, na kila alipokipata mtu alikipiga jicho la huruma ndipo akakisogeza. Mwisho kilitua kwa Siwema, binti wa Bi Kijoli, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na ndiye kipenzi cha nyumba. Kilikuwa kimepoa kabisa. Tunukuni hakuna mtu aliyewahi kula samaki wa moto.

Somoe alikula dagaa wake na vichwa vyao, akafurahi kimoyomoyo.

Jambo jingine lilimshangaza zaidi. Mzee Shangwe alikuwa akitetemeka. Mikono ilikuwa haitulii, kichwa nacho kilikuwa kikiafiki mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Wenyeji walimtazama kama watu wanavyomtazama bwana harusi.

"Shikamoo, mzee," Somoe alimsalimu.

"Marahaba. Nipe hicho kikombe, mama. Kijaze nusu tu. Hiyo nusu nyingine ni ya shati."

Mzee Shangwe aliwahi kuwa Mpendwa. Kila mwaka watu wa Tunukuni huchagua mtu mmoja wanayempenda kuliko wote, na siku ya sikukuu wote humpandishia yeye samaki mmoja, sangara mkongwe kuliko wote ziwani, na mwaka mzima anaendelea kuletewa wakongwe wa namna hiyo. Mzee Shangwe alichaguliwa kwa zumari. Alikuwa akiipuliza mpaka mbuzi wanaacha majani. Miaka mitatu mfululizo walimchagua. Sasa zumari ilitundikwa ukutani, maana midomo yake ilikuwa haiwezi kuishika.

Kutetemeka, basi, kule Tunukuni ni alama ya mtu aliyependwa. Vijana wa mjini hutikisa vikombe vyao hotelini ili wasichana wawaone. Karani akitaka kupandishwa cheo hujimwagia uji mbele ya mkubwa wake. Hata paka wa nyumba za Wapendwa, wanaotupiwa vichwa vya wale wakongwe, hutembea upande upande na kugonga miguu ya meza, nao huitwa paka wa heshima, na watu huwapisha njiani. Lakini waliofika umri mkubwa kabisa katika nchi ile, wenye macho makali na mikono imara, walikuwa watu wasiopendwa na yeyote: wambeya, wagomvi wa mipaka ya mashamba, na mwanamke mmoja aliyekuwa akirudisha mipira ya watoto ikiwa imetobolewa. Hao walikula dagaa maisha yao yote. Somoe alipouliza sababu ya uzima wao, Bi Kijoli alimjibu bila kusita, "Kupendwa kunachosha, dada. Wale hawajachoka."

Si kwamba watu wa Tunukuni ni wajinga. Mambo ya kujumlisha wanayajua kuliko watu wengi. Watoto wao huyasoma shuleni na kuyaimba barabarani, kwamba kila samaki ana heshima yake ndogo, na anayemla anaichukua:

*Dagaa kala utelezi wa jiwe,*
*heshima yake kiganja hakijai.*
*Furu kala dagaa, kala dagaa,*
*heshima zao zote anazo yeye.*
*Sangara kala furu, kala furu,*
*mkubwa, mkubwa, hazihesabiki!*

Ndiyo maana sangara mkongwe hupewa anayependwa kuliko wote. Anayemla hapati samaki mmoja. Anapata heshima ya ziwa zima.

Siku moja asubuhi Somoe alikuwa amekaa kibarazani na Mzee Shangwe, anamsaidia uji. Pembeni yake palikuwa na sahani ya bati yenye maua mekundu, imejaa dagaa, haijaguswa.

"Hiyo ya nani?" mzee aliuliza.

"Ya mume wangu."

"Anakuja?"

"Hapana, mzee. Amekufa."

Kichwa cha Mzee Shangwe kiliendelea kuafiki. "Alikuwa mtu wa dagaa?"

"Wa dagaa tu. Akialikwa mahali akawekewa samaki mkubwa, alikuwa anakizungusha kile kichwa, anamwangalia machoni, anauliza, 'Wewe bwana, umekula wangapi? Maana nikikula wewe nakula umati.'"

Mzee Shangwe alicheka mpaka uji ukamtoka puani. Somoe naye akacheka, na akajishangaa, maana alikuwa hajacheka kwa maneno ya Mfaume tangu ile Jumatatu. Kisha mzee akaacha kucheka.

"Hebu rudia."

"Nikikula wewe nakula umati."

"Na umati ule," mzee alisema polepole, "ulikuwa umebeba nini zaidi ya heshima?" Aliinyoosha mikono yake mbele, akaitazama inavyocheza kama si yake. Mtaa wa pili, mwanamke mmoja alikuwa akisugua mlango wake, akashuka ziwani kusuuza tambara, akirudi anaimba.

Siku ile ile ilikuja habari kwamba Mpendwa wa mwaka huu ni Siwema.

Kila mtu alijua atachaguliwa. Siwema alikuwa na kipaji cha kuwaigiza watu, na akiwaigiza wakubwa, wakubwa wenyewe walikuwa wanashika mbavu. Nyumba ilijaa wageni na vigelegele. Bi Kijoli alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Lakini Somoe alimwona ameingia chumbani peke yake, amekaa juu ya kitanda, ameipakata ile zumari ya kaka yake.

Basi Somoe na Mzee Shangwe wakaenda Idara ya Chembe.

Idara hii ndiyo inayolinda ziwa, na hakuna idara yenye watumishi waaminifu kuliko hawa. Sheria inasema kila nyumba inaruhusiwa kusuuza ziwani ng'ara kiasi cha kukaa juu ya ukucha wa kidole kidogo, si zaidi. Watumishi husimama ufukweni kutwa wakikagua kucha. Mkuu wao aliitwa Bwana Kadiri, mtu mrefu, msafi, asiye na rafiki. Alikuwa amekagua kucha za kila mtu nchini, na hakuna aliyempenda kwa hilo. Alikula dagaa mwaka nenda mwaka rudi, na mikono yake ilikuwa imara kama bawaba. Somoe alipoingia alimkuta ameificha chini ya meza, anajifunza kuitetemesha.

"Maji ya ziwa ni safi," Bwana Kadiri alisema kabla hajaulizwa. Akajimiminia glasi nzima, akainywa, akaigeuza chini juu. "Kila mwaka nakunywa mbele ya wananchi. Kunyweni na nyinyi."

Somoe alikunywa. Kweli yalikuwa safi, matamu.

"Bwana Mkuu," akasema, "mimi mgeni, nisaidie. Ile chembe ya ng'ara inakwenda wapi?"

"Inanasa kwenye utelezi wa mawe. Haionekani tena."

"Na dagaa anakula utelezi."

"Anakula. Anapata chembe moja, mbili. Dagaa hajawahi kulalamika."

"Na heshima ya dagaa inapanda kwa furu, ya furu inapanda kwa sangara."

"Hayo hata mtoto anaimba."

"Sasa chembe nayo inabaki wapi?"

"Inabaki kwa dagaa."

"Kwa nini?"

Bwana Kadiri alimtazama kwa subira. "Kwa sababu chembe haina cheo, mama. Kitu kisicho na cheo hakiwezi kupanda. Kitapandishwa na nani?"

Makarani walinong'ona kwa kuridhika. Mmoja wao alithubutu kuuliza, je, kama inapanda bila idhini? Pakazuka mjadala mrefu. Wengine walisema itakuwa ni kosa la chembe, na Idara ya Chembe haina mahabusu. Wengine walisema haiwezekani samaki akapokea kitu ambacho hakikupitia kwa mkubwa wake wa kazi. Mzee Shangwe alingoja wachoke, kisha akaomba maji. Akapewa glasi. Ilipofika mdomoni ilikuwa tupu na makarani wawili walikuwa wamelowa.

"Mimi nilipanda," akasema. "Sijui nilipanda na nani."

Makarani waliona ni fahari kulowanishwa na Mpendwa wa zamani. Walimshukuru, wakawasindikiza hadi mlangoni.

Njiani, kwa hasira, Somoe alianza kuimba ule wimbo wa shule, ila pale penye heshima akaweka chembe. *Chembe yake kiganja hakijai. Chembe zao zote anazo yeye.* Watoto waliokuwa wakicheza barabarani waliona jambo hilo linachekesha ajabu. Walimfuata wakiimba naye, na kabla ya jua kuzama mji mzima ulikuwa unaimba, na hakuna aliyejua kwa nini maneno yale yalikuwa yanakaa vizuri sana mahali pake.

Siku ya sikukuu ilipofika, Siwema alimwita Somoe amsaidie kujifunga kitenge.

"Shangazi," alisema, kwani mwaka haujatimia lakini yeye alikuwa ameshaamua kumpenda, "nikimkataa yule samaki nimewatukana watu wote. Ni kama kuwaambia pendo lenu silitaki. Mama hatapita tena mtaani." Akaweka mkono tumboni. "Na nikimla, huyu naye anamla. Mjomba alikula akiwa mtu mzima. Huyu hajawa na hata kucha."

"Kwani sheria haimpi Mpendwa njia?"

"Sheria inasema kila mtu aulize. Hata Mpendwa anauliza, lakini ni desturi tu. Anauliza, kimya, anakula. Hajatokea wa kujibu." Halafu Somoe aliona kwenye kona ya mdomo wake kitu kinachocheza, kile kile kilichokuwa kinaonekana kabla hajamwigiza mtu. "Wallahi, shangazi, hajatokea."

Uwanja ulijaa. Ngoma zilipigwa. Sangara aliletwa na wanaume wanne kwenye sinia la mbao, mweusi mgongoni, ana jicho kubwa kama kisosi. Walimpasua mbele za watu kama desturi ilivyo, na ndani yake mkatoka furu mzima, na ndani ya furu dagaa. Watu wakashangilia heshima ile yote. Watoto nao, bila kutumwa, wakaanza kuimba wimbo wao mpya, na safari hii watu wazima waliusikia wakiwa wanatazama tumbo lililo wazi. Kicheko cha uwanja kilishuka kidogo.

Siwema alisimama. Akauliza kwa sauti, "Yupo ninayempenda zaidi?"

Kimya, kama desturi.

"Yupo," akajibu. "Bwana Kadiri."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Walidhani anaigiza. Lakini sinia lilikwenda, maana sheria ni sheria, likatua mbele ya Mkuu wa Idara ya Chembe. Bwana Kadiri alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Mimi?" alisema. "Kweli?"

"Umetutazama kucha sote miaka yote hii, baba," Siwema alisema, na sauti yake haikuwa ya kuigiza. "Hujachoka. Hujamwonea mtu. Nani amewahi kukwambia asante?"

Bwana Kadiri alilia. Alilia wazi, makamasi yakimtoka, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona hata akipiga mwayo. Kisha akamtazama samaki. Akaitazama mikono yake iliyoshika ukingo wa sinia, imara, haitikisiki hata kidogo, na Somoe aliyekuwa karibu alimwona akiipenda kwa mara ya kwanza. Maneno yake ya ofisini yalikuwa yanamngoja pale mbele, kwamba chembe haipandi. Angekula angekuwa ameyathibitisha.

"Yupo ninayempenda zaidi?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza. Akageuka huku na huku kama mtu anayetafuta mlango. "Yupo! Bwana Mwenyekiti wa Baraza!"

Mwenyekiti alikumbuka papo hapo anavyompenda mkewe. Mke alimpenda sana mama mkwe wake, ambaye walikuwa hawajasemezana tangu mavuno. Mama mkwe akampenda mwalimu mkuu. Sinia lilizunguka uwanja, na kila lilipotua palitoka maneno matamu ambayo watu walikuwa wameyakalia miaka mingi. Ndugu waliogombania mpaka wa shamba walipatanishwa na samaki. Yule mwanamke wa kutoboa mipira alipendwa mara mbili. Watu walikuwa wanacheka na kulia, na hakuna aliyekula.

Mwisho sinia lilimfikia Mzee Shangwe. "Mimi nilishashiba," alisema, akaashiria kwa kidevu. "Mpeni mgeni. Alinichekesha."

Somoe alimtazama sangara machoni, kama Mfaume alivyokuwa akiwatazama.

"Yupo ninayempenda zaidi," alisema. "Anaitwa Mfaume. Hayupo."

Wazee wa Baraza waliinamiana, wakanong'ona, wakafungua vitabu. Sheria ilikuwa haisemi mpendwa awepo. Samaki ni wa Mfaume, na kama hayupo angojewe. Wakamchukua sangara kwa ngoma, kwa heshima zake zote na chembe zake zote, wakamzika kilimani mbali na maji, na juu yake Somoe akaweka ile sahani ya bati yenye maua mekundu. Iliingia pale kama iliyopimwa.

Baraza la Tunukuni halikukiri kosa. Lilifanya jambo la busara zaidi kwa desturi zao. Mwezi uliofuata lilikaa likaipa chembe cheo. Ilipokwisha kuwa na cheo ikakubalika kwamba inaweza kupanda, na kwa kuwa inaweza kupanda ikawezekana kupigwa marufuku. Bwana Kadiri ndiye aliyesoma tangazo, na watu walimpigia makofi. Ng'ara ikaachwa. Milango ikafifia, na wageni siku hizi wanabisha hodi bila kujiona. Sangara wakubwa huachwa ziwani, wamewekewa Wapendwa wasiokuwapo, ambao kila nyumba inao.

Siwema alijifungua mtoto wa kike. Siku Somoe anaondoka, mtoto alimshika kidole kwa nguvu mpaka ikabidi mama yake ambandue. Mzee Shangwe bado anatetemeka. Yale hayarudi nyuma, na ziwa nalo, mafundi wanasema, litachukua umri wa mtu kusafika. Lakini ameanza kumfundisha mkwe wao zumari kwa kumwimbia tu, na mbuzi wanaanza kusikiliza.

Somoe amerudi kwake. Asubuhi anapika dagaa na vichwa vyao, kwenye sufuria ndogo, fungu la mtu mmoja, na anakula wakiwa wa moto.